Mbegu ya Maharage Ichaguliwe Kabla ya Kuvuna

(Maneno ya Kamati ya Kilimo mbele ya mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wale waliofika wapate kuyasoma tena.)



Tunajua mahindi yanasubiri na kuni hazijakatwa, kwa hiyo hatutazunguka.

Maharage tuliyopanda mwezi wa tatu sasa yanajaza maganda. Baada ya wiki tatu au nne tutaanza kung'oa. Kamati yenu inasema hivi: kabla mtu hajang'oa shina hata moja, aingie kwanza shambani mwake, achague mbegu ya msimu ujao shina likiwa bado limesimama. Na Jumamosi ijayo tutakutana tena kuamua kama ushirika wetu uwe na shamba la mbegu na akiba ya mbegu. Leo tunaeleza sababu, ili siku ya kuamua kila mtu awe na lake la kusema.

HALI YETU ILIVYO

Tuanze na hesabu ya nyumbani. Ekari moja, yaani hatua 70 kwa 70, ukiipanda maharage peke yake kwa mistari, yataka mbegu karibu kilo 35. Hizo ni kama debe mbili. Wastani wa mavuno ya nchi yetu umekuwa karibu tani 1 kwa hekta, ambayo kwa ekari ni gunia 4 za kilo 100. Kwenye mashamba ya vituo vya utafiti watu hupata mara mbili ya hapo na zaidi.

Sasa mtu aliyefika mwezi wa kumi na moja bila mbegu anafanya nini? Anakwenda kwa mwenye nayo. Na sisi sote tunaujua mpango wake: debe moja uchukue, debe mbili urudishe. Kwa ekari moja unachukua debe mbili, unarudisha debe nne, yaani kama kilo 70. Toa 70 katika kilo 400 ulizovuna. Karibu sehemu moja katika kila sita ya jasho lako imekwenda kabla hujaonja hata sufuria moja.

Na jambo baya zaidi ni hili, kwamba hiyo mbegu uliyokopa huijui. Imetoka soko lipi, imevunwa kwenye shamba lenye ugonjwa gani, imekaa ghalani miezi mingapi, hakuna anayekwambia. Unalipa mara mbili, na huenda umenunua maradhi.

KWA NINI MAHARAGE YANATURUHUSU KUJITEGEMEA

Wengine wameuliza: "Mbona mahindi tunaambiwa tununue mbegu kila mwaka, maharage mnasema tujiwekee?" Swali zuri. Mahindi chotara ukiyarudia kupanda, watoto hawafanani na wazazi, na mavuno yanashuka. Tena ua la mahindi hupokea vumbi kutoka shamba la jirani. Ua la maharage ni tofauti. Hujichavusha lenyewe, mara nyingi hata kabla halijafunguka vizuri. Kwa hiyo maharage ya njano yakipandwa huzaa ya njano, na mekundu huzaa mekundu, mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo sababu maharage yametufikia hapa tulipo. Asili yake si huku kwetu, yalitoka Amerika karne kadhaa zilizopita. Hapakuwa na duka la mbegu. Bibi zetu waliyapokezana kwa kibaba na kwa kibuyu, wakayachagua, wakayatunza, hata leo tunayaita ya kwetu. Kwa hiyo kazi tunayoisema leo si ngeni katika kijiji hiki. Tunachotaka ni kuifanya kwa uangalifu zaidi, na kuifanya pamoja.

Lakini angalieni: mbegu ya maharage haipotezi aina yake, ila hubeba ugonjwa. Hapo ndipo tunapopigwa.

MARADHI YANAYOSAFIRI NA MBEGU

Yako maradhi mengi ya maharage. Hapa tutataja yale yanayoingia shambani kwa njia ya mbegu, maana hayo yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza ni CHULE. Maganda yanakuwa na madoa yaliyobonyea, kahawia au meusi, kama mtu ameyachoma kwa kijiti cha moto. Mishipa ya upande wa chini wa jani hugeuka rangi. Chule hupenda baridi na unyevu, na huku kwetu milimani vyote viwili vipo tele. Ganda lenye doa, mara nyingi hata punje iliyo chini ya doa imeguswa. Ukiipanda, umepanda chule.

Pili ni madoa yenye pembe. Jani huwa na vibaka vya kahawia vilivyokatwa na mishipa ya jani, vinaonekana vya pembe tatu au nne. Jani linakauka na kudondoka kabla punje hazijajaa.

Tatu ni bakteria. Jani huwa na baka lililokauka lenye ukingo wa njano, au doa dogo lenye duara la njano kulizunguka. Mvua na upepo huusambaza ugonjwa huu haraka sana.

Nne ni batobato. Majani yanajikunja na kuwa na mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichopauka, na shina linadumaa. Huu ni ugonjwa wa virusi, na ni mjanja, kwa kuwa punje ya shina lenye batobato yaweza kuonekana safi kabisa mkononi. Ukichagua mbegu ghalani huwezi kuijua. Utaijua shambani tu, shina likiwa bado na majani.

Nadhani mmekwisha ona tunakokwenda. Mtu anayesubiri mpaka maharage yamepurwa ndipo achague mbegu, anachagua akiwa amefumba jicho moja. Anaona punje, lakini haoni mama yake.

NAMNA YA KUCHAGUA

Wiki hii, asubuhi umande ukiisha kukauka, ingia shambani. Tunasema umande ukauke kwa sababu maalum. Ukipita katika maharage yaliyolowa unabeba chule na bakteria kwa suruali na kwa kanga, unavigawa mstari hadi mstari. Siku ya mvua, maharage yaacheni peke yao. Hata palizi isubiri.

Chukua vitambaa vichakavu au kamba za migomba, kisha fanya hivi:

1. Acha mistari ya ukingoni, hasa upande unaopakana na shamba la jirani lenye ugonjwa. Chagua katikati.

2. Tafuta shina lenye nguvu, majani safi na maganda mengi yaliyojaa, ambayo hayagusi udongo. Lifunge kitambaa.

3. Usidanganyike na shina moja nono lililoota penye samadi au penye jivu la jikoni. Unono huo ni wa mahali. Chagua yaliyofanya vizuri kati ya wenzake, kwenye udongo ule ule.

4. Shina lolote lenye batobato ling'oe na kulitoa shambani sasa hivi, hata kama lina maganda. Lisibaki hapo kuwapa wadudu mafuta ugonjwa wa kupeleka kwa mengine.

5. Rudi tena baada ya wiki moja. Shina ulilolifunga likionyesha madoa, lifungue. Halikufaulu mtihani.

Kwa anayetaka mbegu ya ekari moja, kufunga shina moja moja ni kazi kubwa. Huyo achague kipande kizima kilicho safi, akizungushie kamba, na ndani ya kamba ang'oe mabaya yabaki mazuri. Maana ni ile ile.

Maganda ya mbegu yakishakauka na kuwa ya rangi ya majani makavu, yavunwe kwanza, kabla ya mengine. Usiyaache shambani eti yakauke zaidi. Yuko aina ya fukusi anayetaga mayai kwenye maganda yakiwa shambani, na kila siku unayochelewa unampa nafasi.

KUPURA, KUKAUSHA NA KUCHAMBUA

Maharage ya mbegu yasipigwe kwa fimbo nzito kama ya kuuza. Punje ikipata ufa, hata usioonekana, huota vibaya au haioti. Yapure kwa mkono, au yatie ndani ya gunia upige polepole kwa kijiti chepesi.

Yaanikwe juu ya mkeka au turubai, siyo chini kwenye udongo. Yageuzwe mara kwa mara, na jioni yaingizwe ndani.

Utajuaje yamekauka? Kung'ata kwa jino ni njia ya wazee na si mbaya. Lakini iko njia nyingine ya uhakika zaidi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia maharage hadi robo, kisha chumvi kavu vijiko kadhaa. Funga, tikisa vizuri, uiache kama robo saa. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, maharage bado yana maji, rudisha juani. Chumvi ikianguka chini yote, maharage yanafaa kuwekwa.

Halafu kuchambua. Yatoe yenye madoa, yaliyosinyaa, yaliyovunjika, yenye tundu, na yaliyobadilika rangi. Yenye doa dogo na punje nzima yaende jikoni, si hasara. Yenye ukungu yatupwe, hata kuku asipewe.

FUKUSI

Wazee husema akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba ya maharage ina mwizi wake mdogo. Fukusi, kwa joto la kawaida, humaliza kizazi kimoja kwa mwezi mmoja au mwezi na nusu. Jike moja hutaga mayai kadhaa ya makumi. Sasa hesabuni tangu mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja ni vizazi vingapi. Ndiyo maana unaweka debe zima na unakuta unga na matundu. Tena ndiyo maana wengi wetu huuza mwezi wa saba, bei ikiwa chini kabisa, kwa kuogopa kubunguliwa. Mdudu huyu hatuli kwa jino tu, anatula na kwa bei.

Njia za kumzuia ni hizi. Kila mtu achague inayomfaa:

(a) Kuzuia hewa. Mifuko ya tabaka tatu, ile iitwayo PICS, ina mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia nje. Fukusi aliye ndani hutumia hewa iliyobaki, kisha anakosa pumzi. Kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake kwa nguvu, na usifunguliwe funguliwe. Asiye na mfuko atumie dumu la plastiki lenye kizibo kinachobana, alijaze mpaka juu kabisa. Dumu lililojaa nusu lina hewa ya kumlisha fukusi. Maharage yawe makavu, kwa kuwa mabichi ndani ya plastiki huoza.

(b) Majivu. Yachekechwe, yawe makavu na yamepoa, yatiwe mengi mpaka yajaze nafasi kati ya punje na punje. Kiganja kimoja kwa debe ni kujifurahisha tu.

(c) Mafuta ya kula. Kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo ya maharage, yachanganywe mpaka kila punje ing'ae. Mayai ya fukusi hufa. Njia hii tunaishauri kwa maharage ya chakula yatakayokaa miezi michache.

(d) Kugeuza chombo. Hii haina gharama hata senti moja. Mwaka 1991 wataalamu wa Michigan, Marekani, walichapisha uchunguzi wao juu ya fukusi yule anayetaga mayai bila kuyagandisha kwenye punje. Waliona kwamba funza wake mchanga huhitaji muda mrefu kutoboa ngozi ya maharage, na hujiegemeza kwenye punje ya jirani apate nguvu ya kusukuma. Ukizungusha chombo, jirani anaondoka, na tundu alilolianza linapotea. Anaanza tena, unazungusha tena, mpaka anakufa. Kwa hiyo dumu au debe lisilojaa sana liviringishwe asubuhi, mchana na jioni, hasa wiki za mwanzo. Hiyo ni kazi ya watoto wakitoka shule. Lakini liko kabila jingine la fukusi, ambalo huligandisha yai juu ya punje na funza hutobolea hapo hapo chini ya yai. Huyo kuviringisha hakumsumbui. Ukiona vidoa vyeupe vimeganda kwenye maharage, mtumie huyo njia ya (a) au ya (b).

Dawa za dukani zipo. Anayetaka kuzitumia aende kwanza kwa bwana shamba, asome kibandiko, na maharage yaliyotiwa dawa ya mbegu yasiguse chungu kamwe.

JARIBU KABLA YA KUPANDA

Wiki mbili kabla ya mvua, hesabu punje 100 bila kuchagua. Zipange juu ya kitambaa kilicholowa au kwenye mchanga wenye unyevu. Baada ya siku saba hesabu zilizoota vizuri. Zikiwa 80 na zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa 60 au 70, ongeza mbegu kwenye mashimo. Zikiwa chini ya hapo, peleka jikoni utafute nyingine mapema, siyo siku ya mvua.

Kupanda kwenyewe hatutasema sana maana mmekwisha sikia: mstari hadi mstari sentimeta 50, shimo hadi shimo sentimeta 20, punje mbili kila shimo. Yasirudishwe pale yalipotoka msimu uliopita, yapishane na mahindi au viazi. Mabaki yenye ugonjwa yafukiwe. Panda mapema, kwa kuwa inzi wa maharage hukuta yaliyochelewa yakiwa machanga. Funza wake huingia kwenye shina karibu na udongo, shina likavimba na kupasuka, na mche ukawa njano. Ukipalilia, inulia udongo kwenye shina lipate kutoa mizizi mipya juu ya jeraha.

JUU YA MBEGU ZA WATAALAMU

Wako wanaosema mbegu za utafiti ni za kuwadanganya wakulima, na wako wanaosema mbegu zetu za zamani zitupwe. Kamati haikubaliani na upande wowote.

Kituo cha Uyole, Mbeya, kimetoa aina nyingi za maharage kwa ajili ya nyanda hizi za juu: Uyole 84, Uyole 94, Uyole 96, Uyole 03, Njano Uyole, na nyinginezo. Zile namba zafuata mwaka aina hiyo ilipotolewa. Kaskazini nako zimetoka Lyamungo 85 na Lyamungo 90. Nyingi ya aina hizi zilichaguliwa kwa kustahimili baadhi ya maradhi tuliyoyataja. Hilo ni jambo kubwa, na tusilidharau.

Lakini shamba la kituo si shamba letu, na sufuria ya kituo si sufuria yetu. Iko habari ya Rwanda inayotufundisha. Miaka ya mwisho ya 1980, watafiti wa kituo cha Rubona waliwaita akina mama wakulima, mabingwa wa maharage vijijini mwao, waje kituoni wachague wenyewe kati ya aina zilizokuwa bado kwenye majaribio. Akina mama walitazama mambo mengi ambayo vitabu haviyatazami, kama vile litakavyoishi chini ya migomba, litakavyovumilia udongo mchovu, na litakavyouzika. Wakazipanda nyumbani. Na zile walizozichagua wao zikafanya vizuri mashambani mwao kuliko zilizokuwa zikichaguliwa na wataalamu peke yao.

Kwa hiyo nasi tufanye hivyo. Tulete aina mbili tu, tuzipande bega kwa bega na mbegu yetu ya kijiji, siku moja, nafasi moja, mbolea moja. Tupime kwa mizani, siyo kwa macho. Kisha mama zetu wazipike: ipi inawahi kuiva, ipi ina mchuzi, ipi inalala bila kuchacha. Aina itakayoshinda tutaizidisha. Na mchanganyiko wetu wa zamani tusiutupe, kwa sababu mwaka wa ugonjwa, kati ya rangi tano ziko mbili zitakazosimama.

MAPENDEKEZO YA JUMAMOSI

Kamati inapendekeza mambo manne:

Kwanza, ekari 2 za ushirika zilizo nyuma ya ghala ziwe shamba la mbegu. Ekari moja ikitupa gunia 4, na baada ya kuchambua zikabaki 3, hizo kilo 300 zapanda ekari 8. Ekari 2 zapanda ekari 16 au 17. Haitoshi kijiji kizima, lakini inatosha kuanza na wale wasio na mbegu kabisa.

Pili, mwanachama atakayechukua debe moja atarudisha debe moja na robo, ya maharage yaliyochambuliwa. Robo ndiyo itakuza akiba.

Tatu, kila kaya iweke mbegu yake katika ghala la ushirika kwa jina lake, kwa hiari. Tunajua kinachoimaliza mbegu ya nyumbani. Siyo fukusi peke yake. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja chakula kimepungua, mtoto analia, na pale darini kuna debe la maharage. Hakuna mama wa kulaumiwa kwa kulipika. Lakini debe likiwa mbali na jiko, lina nafuu ya kufika shambani. Na kwa kaya iliyozidiwa kweli kweli, mkutano upange msaada wa chakula, ili mbegu isiguswe.

Nne, tumwombe bwana shamba wa kata atuongoze katika utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, ambao husimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kudhibiti ubora wa mbegu. Wakulima waliosajiliwa na shamba lao likakaguliwa huruhusiwa kuuza mbegu yao. Siku moja nasi tuuze, badala ya kukopa.

Tumekwisha sikia swali moja linapita chini chini: "Ghala hilo nani atalilinda? Tuliwahi kuweka mali ya pamoja, ikaisha bila maelezo." Swali hili lina haki yake, na wenye kuliuliza si wachochezi. Jibu la kamati ni hili. Mlango uwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja uwe kwa mtunza ghala, wa pili kwa mama atakayechaguliwa na akina mama wenyewe, na asiwe jamaa wa mtunza ghala. Kila debe linaloingia na kutoka liandikwe daftarini mbele ya mwenyewe, na kila mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe hapa hapa ubaoni, kila mtu asome. Siku hesabu isipobandikwa, mwanachama yeyote ana haki ya kuitisha mkutano. Kama mna utaratibu ulio bora zaidi, njooni nao Jumamosi.

Ndugu wanachama, mwenye mbegu yake hupanda siku ya mvua. Asiye nayo hupanda siku ya mwenye mbegu. Tofauti ya siku hizo ndiyo mara nyingi tofauti ya kushiba na kukopa.

Basi tunawaombeni mambo mawili. Kesho asubuhi umande ukikauka, kila mtu aingie shambani na vitambaa vyake. Na Jumamosi saa nne, tukutane ghalani. Atakayekuja aje na ganda moja alilolichagua kuwa zuri na ganda moja lenye ugonjwa, tuyaweke mezani, wenye macho wawaonyeshe wasiojua.



Kamati ya Kilimo